Roboti Inayokimbilia Jua

Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi hutoka ardhini na kuivamia taa yoyote iliyowashwa barazani. Mdudu huyo hana ramani wala hajui hesabu, lakini taa haikosi. Kwa zaidi ya miaka 100 sasa, wahandisi na wanasayansi wa ubongo wamechokozwa na swali linalozaliwa na tabia kama hiyo: mashine inahitaji akili kiasi gani ili iutafute mwanga?

Inahitaji kidogo mno kuliko wengi wanavyodhani. Transista nne, kapasita mbili, mota mbili, vijitaa viwili, rezista mbili na vipande viwili vya sola vinatosha kuunda roboti ya ukubwa wa kiganja inayojigeuza yenyewe kuelekea jua. Haina kompyuta, haina programu, haina betri. Anayeanza kujifunza elektroniki anaweza kuiunda nyumbani kwa muda wake wa mapumziko, na sehemu kubwa ya vifaa anavyovihitaji vimelala ndani ya deki na redio zilizokufa zamani.

Dakawa, wilayani Mvomero, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, ni mahali panapoifaa kazi hii. Kwanza kuna jua. Tanzania hupata kati ya saa 2,800 na 3,500 za jua kwa mwaka. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hunasa zaidi kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, na uwanda wa Dakawa, ulio kaskazini mwa milima hiyo, hubaki wazi kwa jua sehemu kubwa ya mwaka.

Pili kuna historia ya ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi Dakawa, kikajenga makazi ya wakimbizi na sehemu za mafunzo kwa misaada kutoka nje, ikiwamo ya Norway. Mwaka 1992, wakimbizi walipokuwa wanarejea kwao, majengo yalikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Leo Dakawa ina shule ya sekondari na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Mazimbu, mjini Morogoro, ambako ANC ilikuwa na chuo chake cha Solomon Mahlangu, pamekuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na walimu wa sayansi hufundwa hapo.

Tatu, watu wa Dakawa wanaijua bei ya nishati. Mashamba ya mpunga ya ushirika wa UWAWAKUDA, yenye takriban hekta 2,000, hupata maji ya mto Wami yanayosukumwa kwa pampu za umeme. Anayelima hapo hahitaji kuelezwa kwamba kila tone la maji lina gharama yake ya umeme. Na roboti inayofuata jua, kabla ya kuwa somo la mwendo, ni somo la kubana matumizi ya nishati.

Mbwa wa umeme na kobe wa Bristol

Mashine za aina hii zina ukoo mrefu. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, John Hays Hammond Mdogo na Benjamin Miessner, waliunda kisanduku cha magurudumu walichokiita mbwa wa umeme. Kilikuwa na macho mawili ya seleniamu, madini ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi yanapopigwa na mwanga. Katikati ya macho hayo kulikuwa na kizuizi, mithili ya pua. Mtu aliposimama kando na kurunzi, jicho moja lilipata mwanga na jingine likabaki kivulini, na usukani ukageuka mpaka macho yote mawili yakapata mwanga sawasawa. Mbwa akamfuata mwenye taa popote alipokwenda.

Mwanasayansi wa ubongo William Grey Walter alilichukua wazo hilo mbali zaidi. Mwaka 1948 na 1949, akiwa Bristol nchini Uingereza, aliunda kobe wawili wa umeme, Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na jicho moja la mwanga, kihisio cha kugusa, mota mbili na vali mbili za redio zilizofanya kazi ya ubongo. Kobe hao walizunguka chumbani, wakakwepa meza na viti, wakaufuata mwanga wa wastani na kuukimbia mwanga mkali. Betri ilipokaribia kuisha tabia ilibadilika: mwanga mkali waliokuwa wakiukwepa sasa uliwavuta, na ndani ya kibanda chenye taa hiyo kulikuwa na chaja. Waliotazama walisema kobe wana njaa, wana woga, wana udadisi. Ndani ya gamba hapakuwa na chochote ila vali mbili.

Mwaka 1984 Valentino Braitenberg, naye mtafiti wa ubongo, alichapisha kitabu chembamba kiitwacho Vehicles. Ndani yake alifikiria vigari vyenye vihisio viwili vya mwanga mbele na mota mbili nyuma. Waya wa jicho la kushoto ukienda kwenye mota ya kushoto na wa kulia ukienda kulia, kigari kitaukimbia mwanga: upande unaopata mwanga mwingi huenda kasi zaidi na kukigeuza kuelekea gizani. Waya zikipishana, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, kigari kilekile kinaurukia mwanga. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Waya mbili tu zimebadilishana mahali, na mwoga amegeuka mshambuliaji.

Aliyeifanya elimu hii kuwa mchezo wa mtu wa kawaida ni Mark Tilden, mwanafizikia aliyezaliwa Uingereza mwaka 1961 na kukulia Kanada. Mwaka 1989, akiwa Chuo Kikuu cha Waterloo, alihudhuria mhadhara wa Rodney Brooks, mtaalamu wa roboti aliyekuwa akidai kwamba mashine rahisi nyingi hufaa kuliko moja yenye ubongo mkubwa. Tilden akaanza kuunda roboti zisizo na kompyuta kabisa, kwa transista chache, mota za vyombo vilivyotupwa na vipande vya sola. Mtindo huo ukaitwa BEAM, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha biolojia, elektroniki, uzuri wa umbo na umekanika. Mashindano yake ya kwanza ya kimataifa yalifanyika Toronto mwaka 1991. Baadaye Tilden alifanya kazi katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, kisha akabuni Robosapien, kichezeo kilichoingia madukani mwaka 2004.

Sheria tatu za roboti za mwandishi Isaac Asimov zinaitaka mashine imlinde binadamu kwanza. Tilden alizigeuza kwa utani, akaweka zake tatu: roboti ijilinde, roboti ijipatie nishati, na roboti isiache kutafuta mahali penye nishati bora zaidi. Kijiroboti kinachofuata jua kinatekeleza sheria mbili za mwisho.

Kibubu cha umeme

Tatizo la kwanza ambalo anayeanza hukutana nalo ni uchache wa umeme. Kipande cha sola cha kikokotoo hutoa miliampea chache tu. Kikiunganishwa moja kwa moja na mota, mota hutikisika kidogo au hailalamiki kabisa, inakaa kimya. Umeme upo, lakini hautoshi kuizungusha kwa wakati mmoja.

Ufumbuzi ni kuweka akiba. Kapasita hufanya kazi ya kibubu: sola inadondosha umeme humo kidogo kidogo, na kibubu kinapojaa kinavunjwa, kila kilichomo kinatumika kwa mkupuo. Mota inashtuka, roboti inaruka sentimita chache mbele, kisha inatulia na kuanza kuweka akiba upya. Wapenzi wa BEAM huiita saketi hii injini ya sola, ingawa haina pistoni wala mafuta.

Kiasi kinachozungumziwa ni kidogo ajabu. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 iliyojazwa hadi volti 3 hubeba takriban jouli 0.02. Betri ya simu ndogo ya kitochi, ya miliampea-saa 1,000, hubeba zaidi ya jouli 13,000, yaani zaidi ya mara 600,000 ya hiyo. Hata hivyo jouli 0.02 zikitolewa zote mara moja zinatosha kuzungusha mota ndogo kwa sehemu ya sekunde. Sola ikitoa miliampea 5, kapasita hiyo hujaa kwa karibu sekunde 3. Ikitoa miliampea 20, haifiki sekunde moja.

Kazi iliyobaki ni kumpata wa kuvunja kibubu kwa wakati wake. Katika saketi inayopendwa zaidi na wanaoanza, kazi hiyo hufanywa na LED inayowakawaka yenyewe, ile yenye kisaketi kidogo ndani ya kioo chake, ambayo hutumika kwenye vichezeo vya watoto. Volteji ikiwa ndogo, LED hiyo haipitishi umeme wa maana. Volteji ikikaribia volti 3, ikitegemea aina yake, inaanza kupitisha, na hapo ndipo saketi inapoamka.

Inaunganishwa hivi. Sola na kapasita zinakaa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Transista ya aina ya PNP, mfano 2N3906, inaunganishwa emita yake na chanya, na besi yake na mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi wa LED unaenda hasi. Kolekta ya PNP inaenda kwenye besi ya transista ya NPN, mfano 2N3904, ambayo emita yake iko hasi. Mota inakaa kati ya chanya na kolekta ya NPN. Mwisho, rezista ya kiloohm 2.2 inatoka kolekta ya NPN na kurudi kwenye besi ya PNP.

Rezista hiyo moja ndiyo yenye ujanja wote. Kabla ya saketi kuamka, inaishikilia PNP ikiwa imefungwa. LED inapoanza kupitisha, PNP inafunguka na kuifungua NPN, mota inapata umeme. Sasa rezista ileile inavutwa upande wa hasi na kuilazimisha PNP ibaki wazi, hata kama LED imeshazima. Kwa hiyo mota haikatiki njiani; inaendelea mpaka volteji ishuke karibu volti 1, ndipo transista zote mbili zinafunga na akiba inaanza tena.

Kuchinja deki

Duka la spea za elektroniki linalouza vitu hivi kimoja kimoja si rahisi kulipata nje ya miji mikubwa, lakini meza ya fundi redio au fundi simu ipo karibu kila senta. Chini ya meza hiyo huwa kuna boksi la mikweche, na ndani ya boksi ndimo roboti ilimo.

Taa ndogo za sola zilizosambaa vijijini ndizo chanzo kizuri cha paneli. Betri yake huchoka kabla ya kioo chake, na taa hutupwa ikiwa na paneli nzima kabisa. Paneli ya kuchaji betri ya volti 3.7 kwa kawaida hutoa volti 5 au 6 juani, ambazo zinatosha. Vijitaa vya bustani vyenye betri moja ya volti 1.2 huwa na paneli ya karibu volti 2, kwa hiyo zinahitajika mbili zilizofuatanishwa.

Mota zinahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Zile za magari ya kuchezea zina nguvu lakini zina ulafi, zinamaliza akiba kabla hazijasogea. Zinazofaa ni mota ndogo za deki za CD na DVD, zile zinazotoa sahani au kusogeza jicho la leza, na mota za mtetemo za simu. Kipimo ni mita ya fundi: ukinzani wa koili ukiwa ohm 10 au zaidi, mota inafaa; ukiwa ohm 1 au 2, iachwe. Kipimo kingine ni vidole. Mota nzuri ikizungushwa kwa mkono hutoa volteji inayoonekana kwenye mita, na mhimili wake huendelea kuteleza kidogo baada ya kuachiwa.

Transista za 2N zisipopatikana, S8050 na S8550 zilizojaa kwenye redio za Kichina zinafanya kazi hiyo, na mpangilio wa miguu yake ni uleule. BC547 na BC557 nazo zinafaa, ila miguu yake imepangwa kinyume: palipo na emita kwenye 2N3904 ndipo kolekta ilipo kwenye BC547. Wengi wanaosema saketi imekataa, kosa lao liko hapo.

Kapasita za mikrofaradi 1,000 hadi 4,700 zimo kwenye sabufa, redio na pawasaplai za kompyuta. Hapa panahitajika tahadhari. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa TANESCO katika televisheni au pawasaplai hubeba volti zaidi ya 300, na huweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa. Anayeanza aachane na televisheni kabisa, achukue kapasita zilizoandikwa volti 6.3 hadi 25, na aombe fundi azitoe. Risasi ya kulehemu nayo ina sumu: kazi ifanyike penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Magurudumu hayahitajiki. Mhimili mwembamba wa mota hugusa sakafu wenyewe, na wembamba huo unachukua nafasi ya gia, kwa kuwa kila mzunguko husogeza roboti hatua fupi yenye nguvu. Ili usiteleze, huvalishwa mpira. Ule mpira mwembamba wa vali ya baiskeli, ambao kila fundi baiskeli anao, unaingia sawasawa. Mguu wa tatu, wa nyuma, ni kipande cha waya mgumu kilichokunjwa ncha ili kiteleze.

Injini mbili zinazoshindana

Ni busara kuanza na injini moja, mota moja na paneli moja, roboti iende mbele tu. Ikishafanya kazi, ya pili inajengwa hivyohivyo, na hapo ndipo uamuzi wa mwelekeo unapozaliwa.

Paneli mbili zinawekwa juu, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, zote zikiwa zimeinama kidogo. Kila moja ina injini yake kamili, na injini hizo hazigusani. Paneli ya kushoto inaendesha mota ya kulia. Ya kulia inaendesha mota ya kushoto, kama Braitenberg alivyopendekeza. Jua likiwa upande wa kushoto, kapasita inayolishwa na paneli hiyo hujaa haraka, mota ya kulia hupiga mara nyingi zaidi, na roboti inajigeuza kushoto. Inapolikabili jua uso kwa uso, paneli zote mbili zinapata sawa, mota zinapokezana, na roboti inaenda mbele kwa kuyumbayumba.

Hakuna sehemu yoyote ndani yake inayopima pembe ya jua. Hakuna inayolinganisha namba mbili na kutoa amri. Kuna mashindano tu, nani atajaza kibubu chake kwanza, na mshindi anausukuma mwili mzima upande wake. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba roboti ni kompyuta yenye miguu, hili ndilo jambo la kutafakari: tabia yote imo katika mpangilio wa vitu na njia za waya.

Uzito ndio adui mkubwa wa mwendo. Mbao, gundi nyingi na boliti havina nafasi. Wazoefu hulehemu vifaa vyenyewe kwa vyenyewe, miguu ya kapasita ikawa fremu na mota zikaning'inia humo. Kila gramu inayoondolewa inaonekana sakafuni. Sakafu nayo iwe ya saruji laini au vigae. Mchanga na udongo wa uani humeza msukumo wote.

Jua likizidi

Hapa ndipo Dakawa inapotoa mtihani wake, tofauti na ule wa Toronto. Vitabu na michoro mingi ya roboti hizi imetoka nchi zenye jua hafifu, na ushauri wake ni kuongeza sola. Dakawa, kinyume chake, sola ikiwa kubwa mno saketi hulemewa.

Paneli ya kisasa ya sentimita 5 kwa 5, jua la saa sita likiipiga wima, hupokea takriban wati 2.5 za mwanga na kutoa zaidi ya wati 0.3 za umeme. Mota ikilemewa katika hali hiyo, paneli inaendelea kumimina umeme wakati injini inatakiwa kuzima. Volteji haishuki vya kutosha, transista hazifungi, na saketi inaganda: mota inanguruma bila kuzunguka na roboti haiendi popote. Tiba yake ni paneli ndogo zaidi, kama ya kikokotoo, au kufunika sehemu ya paneli kwa karatasi nyeusi. Kuna tiba ya tatu, kuiweka injini kando jua likiwa kali. Paneli ya aina hiyo, kwa jua la Dakawa, inaweza kuendesha mota ndogo moja kwa moja bila kapasita, na injini ikahifadhiwa kwa ajili ya asubuhi na siku za mawingu.

Mtihani wa pili ni pembe. Dakawa iko kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 9 Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, kivuli cha mtu huishia miguuni pake. Roboti nayo inapata mwanga sawa kushoto na kulia, haioni upande wa kuelekea. Wakati mzuri wa kuijaribu ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, au saa kumi jioni, jua likiwa limeinama.

Mtihani wa tatu ni vumbi la kiangazi, na hapo roboti ya uani inashiriki shida na ndugu zake wakubwa wa sayari ya Mihiri. Roboti za Spirit na Opportunity za shirika la NASA zilitua huko Januari 2004 zikitumia sola. Wakati wa majira ya baridi waongozaji wake walizipeleka kwenye miteremko inayolielekea jua ili paneli zipate mwanga zaidi, kazi ileile ya kijiroboti cha mota mbili, ila uamuzi ulitoka duniani. Vumbi likatanda juu ya paneli, upepo ukalipeperusha, likatanda tena. Juni 2018 dhoruba kubwa ya vumbi ililifunika jua, na Opportunity haikusikika tena. Paneli ya Dakawa ina nafuu: kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Kutoka mchezo hadi kazi

Roboti za sola zimeshapata ajira Afrika. Mjini Kinshasa, mhandisi Thérèse Kirongozi na wenzake walisimamisha mwaka 2013 roboti mbili za kuongoza magari, za alumini, zenye urefu wa karibu mita 2.5 na zinazotumia umeme wa jua. Mwaka 2015 walizindua nyingine tatu. Hazitembei, lakini zinageuka, zinainua mikono na zina kamera.

Upande wa gharama, mfano bora ulitokana na shindano la mtandao wa AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana pamoja na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2012 waliwataka wabunifu duniani waunde roboti ya kufundishia yenye gharama ya karibu dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwa Thomas Tilley aliyeishi Thailand. Alifumua kidhibiti cha mchezo wa video, akatumia mota zake za mtetemo kuendesha magurudumu, na kuweka pipi mbili za kijiti kama uzito wa kusawazisha. Gharama yote ilikuwa dola 8.96.

Kwa shule za Tanzania, kijiroboti hiki kinaingia kwenye mtaala bila kulazimishwa. Umeme wa mkondo na sheria ya Ohm hufundishwa katika fizikia ya sekondari, na dayodi na transista huja kidato cha nne. Mwaka 2024 serikali ilianza kuingiza mkondo wa amali katika sekondari, ambao unahitaji kazi za mikono zenye gharama ndogo. Mwalimu anaweza kuligawa darasa makundi, kila kundi likapewa kapasita ya ukubwa tofauti, na wanafunzi wakapima ni ipi inayoifikisha roboti mita moja kwa muda mfupi zaidi. Kapasita ndogo hupiga mara nyingi lakini kwa nguvu kidogo; kubwa hupiga kwa nguvu lakini huchelewa kujaa. Jibu hubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri, na hilo nalo ni somo.

Anayemaliza roboti ya kwanza ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuingia kwenye roboti za programu kwa kutumia bodi kama Arduino, iliyobuniwa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, na hapo atahitaji kompyuta na betri. Au anaweza kubaki na paneli zake mbili na kuzibadilisha kazi. Mota ya gia ikifungwa kwenye stendi, na paneli mbili ndogo zikaunganishwa kinyume kwa kinyume moja kwa moja na mota hiyo, paneli yenye mwanga zaidi ndiyo inayoamua upande wa kuzunguka. Mwanga ukilingana pande zote mbili, mikondo inafutana na mota inasimama. Kinachopatikana ni stendi inayolifuata jua toka mashariki hadi magharibi bila betri wala saa. Paneli kubwa inayoligeukia jua hivyo huvuna takriban asilimia 20 hadi 30 zaidi ya iliyofungwa mahali pamoja, na nyongeza hiyo huja zaidi asubuhi na alasiri. Fundi wa Dakawa anayetaka kuijaribu aanze na paneli nyepesi ya wati 5 au 10 kabla ya kugusa paneli kubwa, na aifunge chini imara, kwani paneli inayogeuka hupokea upepo kwa pembe nyingi zaidi kuliko iliyolala juu ya bati.